Upepo wa gari la wazi hautoki mbele

Mara ya kwanza mke wangu kupanda Suzuki Escudo yangu nikiwa nimeifunua turubai ilikuwa Jumamosi, hapa Kigoma, tunatoka Mwanga kwenda Ujiji kwa shangazi yake. Safari yenyewe fupi, hata chai haipoi. Tulipofika alishuka mtandio kaushika mkononi, nywele zimesimama, jicho moja kalifumba kwa vumbi. Akasema mbele ya shangazi, wala hakupunguza sauti: "Baba Zuhura, mimi si dagaa. Ukitaka kuanika, Kibirizi kupo." Kibirizi ni ufukweni, ndiko dagaa wetu wanakoanikwa.

Toka siku hiyo sharti likawa moja: yeye akipanda, turubai linafungwa.

Mimi kazi yangu ni kushona. Maturubai ya malori, viti vya magari, mahema, sofa zikija nazo nashona. Kwa hiyo aibu ilinipata mara mbili, maana kila mteja aliyeisikia habari ile aliuliza inakuwaje fundi turubai ashindwe na upepo. Ilinichukua kiangazi kizima, kuanzia mvua zilipokatika mwezi wa tano mpaka karibu zirudi, kupata dawa yake. Ninayoandika hapa yatamfaa yeyote mwenye gari la kufunuliwa: Escudo ya milango miwili kama yangu, Jimny, Land Rover ya zamani ya turubai, hata vile vigari vya Mazda vya viti viwili, ingawa huku mwisho wa reli nimekiona kimoja tu, nacho kilikuwa juu ya lori.

Kwanza umjue unayepigana naye

Nilidhani upepo unakuja kutoka mbele, unaruka kioo na kutuangukia. Kila niliyemuuliza alidhani hivyohivyo. Mwenye gereji mmoja alinishauri nirefushe kioo cha mbele kwa kipande cha plastiki. Kabla sijakata kitu nikaamua kuuangalia huo upepo wenyewe, na chombo cha kuangalia upepo nilikuwa nacho kabatini: kaseti ya taarabu iliyoliwa na redio miaka mingi iliyopita.

Utepe wa kaseti ni mwepesi kuliko uzi wowote. Pumzi ya mtoto inaucheza. Nilikata vipande vya urefu wa shubiri moja, nikavibandika kwa selotepu: vitatu kwenye fremu ya juu ya kioo cha mbele, viwili kwenye bega la kila kiti, viwili kwenye ule upinde wa chuma unaopita nyuma ya viti vya mbele, kimoja kwenye kichwa cha gia, na vingine vinne vitano kwenye kiti cha nyuma. Kijana wangu wa kazi akashika usukani, mimi nikakaa kushoto kama abiria, tukaelekea njia ya Kasulu. Tulipopita Mwandiga na barabara ikawa wazi, nikamwambia apandishe hadi 60.

Vipande vya kwenye fremu ya kioo vilinyooka kwenda nyuma, vimekaza kama nyuzi za kitanda. Hilo nililitegemea. Vya kwenye mabega ya viti vilikuwa vimeelekea mbele. Mbele kabisa, vinanyooshea dashibodi kidole. Kile cha kwenye gia kilikuwa kimesimama na kuinamia redio. Na vile vya kiti cha nyuma havikuwa na upande, vinazunguka tu kama kuku aliyekatwa kichwa.

Ndipo nikakumbuka mtandio wa mke wangu. Haukupeperuka kwenda nyuma siku ile. Ulimfunika uso.

Mambo yako hivi. Hewa inayopanda kioo cha mbele ikifika ukingo wa juu inaruka, inapita juu ya vichwa vyenu na haishuki mpaka huko nyuma ya gari. Nyuma ya kioo, pale mlipokaa ninyi, panabaki kama shimo lenye mkandamizo mdogo wa hewa. Shimo halikubali kukaa tupu. Sehemu ya ile hewa iliyoruka inashukia kwenye kiti cha nyuma, inageuka, inarudi mbele chini kwa chini ili ijaze. Inakupiga shingoni, inapita katikati ya viti, inapanda mbele ya kifua chako na kuzunguka tena. Ni kisulisuli kilicholala ubavu, na ninyi mmekaa ndani yake.

Aliyewahi kukaa nyuma ya boti yenye tezi pana pale bandarini ameshauona mchezo huu kwenye maji. Majani na chupa tupu haviachwi, vinaifuata boti, vingine vinaigonga kabisa kwa nyuma. Boti inakwenda mbele na maji ya nyuma yake yanaifukuza.

Ukishalielewa hilo utaacha kuhangaika na kioo cha mbele. Kazi iko nyuma ya viti.

Jambo la pili la kujua ni spidi. Spidi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Ukitoka 40 ukafika 80, ule upepo uliokuwa unakusukuma kwa kidole sasa unakusukuma kwa mkono mzima. Ndiyo maana mjini, ambako sheria yenyewe ni 50, watu wengi hawalalamiki. Dawa ninazoeleza ni za njia ya Kidahwe, ya Kasulu, ya Uvinza.

Yasiyogharimu hata shilingi

Pandisha vioo vya milango. Najua haipendezi. Anayefungua turubai anataka kuweka kiwiko dirishani aonekane. Lakini kwenye ile nguzo ya pembeni ya kioo cha mbele upepo unakatika na kuingia ndani kwa kujisokota, na kioo cha mlango ndicho kinachouzuia.

Kipimo changu kilikuwa risiti ya mafuta. Naiweka juu ya kiti kitupu cha abiria, bila kuibana, halafu naangalia mshale wa spidi uko wapi karatasi inapoinuka. Vioo vikiwa chini iliondoka kwenye 35. Vioo vikiwa juu ilivumilia hadi 50. Chukua risiti yako ufanye hivyo kila unapobadilisha kitu, maana ngozi inadanganya: siku ya jua kali upepo mkali unauona mtamu, siku ya mawingu ule ule unauona adui. Mtu wa kusoma mshale awe abiria wa kiti cha nyuma, si dereva.

Shusha kiti kama kinashuka, na ukisogeze mbele kadiri miguu inavyoruhusu. Karibu na kioo pametulia zaidi. Mrefu ana shida yake ya peke yake: utosi wake unaweza kuingia kwenye ule mkondo unaoruka juu, na hapo hakuna wavu utakaomsaidia, ni kuinamisha kidogo egemeo la kiti au kuvaa kofia iliyombana.

Kuhusu mtandio na ushungi. Ufungwe nyuma ya shingo, ncha zote mbili ziingizwe ndani ya nguo, zisiachwe zikining'inia hata kidogo. Hili si la urembo. Tarehe 14 Septemba 1927, huko Nice, Ufaransa, mcheza dansi maarufu wa Marekani, Isadora Duncan, alipanda gari la wazi akiwa na skafu ndefu shingoni. Skafu ikanasa kwenye gurudumu na akafa papo hapo. Mimi abiria wa kike akipanda gari langu namkagua mtandio kama kondakta anavyokagua tiketi.

Wavu

Jaribio langu la kwanza la nyuma ya viti lilikuwa nailoni ngumu, ile inayong'aa ya kufunikia meza. Niliikata kwa ukubwa wa upinde, nikaiweka vijicho vya chuma pembeni, nikaifunga kwa kamba. Akilini mwangu ukuta ni ukuta. Shingo ilipona kweli, lakini upepo ulianza kuingia kwa pembeni zote mbili, mkali zaidi ya mwanzo, na ile nailoni ikawa inapiga kama ngoma ya harusi. Karibu na Mwandiga ilichanika kona moja, ikanipiga kisogoni. Nikasimamisha gari nikaing'oa.

Jibu nilipewa na Kibirizi, na si kwa kuuliza. Nilikwenda kupima turubai la mwenye boti. Kulikuwa na upepo ule wa kusini wa kiangazi unaotoka ziwani, mchanga unaruka. Nilijificha nyuma ya ukuta wa kibanda na bado mchanga ukawa unazunguka na kuniingia machoni. Hatua chache kutoka pale walikuwa wamekaa akina mama watatu wanachagua dagaa, nyuma ya nyavu zilizotundikwa kwenye miti zikauke. Wavu una matundu, upepo unaonekana wazi unapita, lakini dagaa kwenye ungo hawatikisiki. Nikaenda kukaa kwao. Pametulia.

Ukuta mzima unaulazimisha upepo wote uzunguke, na nyuma yake unajisokota. Wavu unaupitisha kidogokidogo, kila tundu linaupunguza nguvu, na kinachotoka upande wa pili ni pumzi dhaifu isiyo na haja ya kujisokota. Wakulima wanaopanda miti ya kuzuia upepo wanalijua hili, hawapandi mpaka majani yagusane. Wenye viwanda nao wanalijua. Mercedes-Benz waliweka wavu wa namna hii nyuma ya viti vya gari lao la wazi la SL la mwaka 1989, na leo magari mengi ya kufunuliwa yanatoka kiwandani na wavu wake au na sehemu za kuufunga.

Swali linakuwa wavu gani. Mimi nilipima kwa mshumaa. Washa mshumaa ndani, mahali pasipo na upepo, uweke mezani. Shika kipande cha wavu katikati ya mdomo wako na mshumaa, mkono mmoja kutoka kwenye moto, upulize kwa nguvu. Moto ukizimika, matundu ni makubwa mno. Moto usipotikisika kabisa, huo ni ukuta, utarudia kosa langu la nailoni. Unaoutaka ni ule unaouinamisha moto bila kuuzima.

Wavu wa dagaa mmoja ulizima mshumaa. Nikaukunja mara mbili, tabaka la pili nikalikalisha mshazari, ukafaulu. Nilitumia huo kwa wiki sita hivi, na ulifanya kazi vizuri kabisa, tatizo lake si la upepo. Nilikuwa nimeufua kwa sabuni, nikauloweka na ndimu, nikauanika siku tatu. Ikanyesha mvua moja ya ghafla, harufu ikarudi yote. Mke wangu hakusema neno, aliinusa tu hewa halafu akaniangalia.

Uliobaki hadi leo ni ule wavu mweusi wa plastiki wa kuzuia mbu madirishani, unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Tabaka moja linatosha. Uwe mweusi, si mweupe wala bluu, maana kupitia wavu mweusi kioo cha ndani cha kuangalizia nyuma kinaona vizuri, wakati mweupe unarudisha jua na unaona ukungu. Wa waya usiuchukue, ukikatika nyuzi zake ziko usawa wa shingo yako. Na chandarua cha kulalia kiache kitandani. Ni laini mno, kinapeperuka, na huku kwetu malaria haina utani.

Urefu, na lile tundu la chini

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, nami niliharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Urefu unaupata kwa kamba. Funga kamba katikati ya fremu ya juu ya kioo cha mbele, ivute hadi kwenye kilele cha mlango wa nyuma, ikaze. Mahali kamba inapopita juu ya mabega ya viti ndipo kikomo cha wavu. Wavu ukiishia pale au vidole vinne chini yake, uko sawa. Ukiupandisha zaidi unaingia kwenye mkondo unaoruka: gari litavuma, litakula mafuta, na hutapata nafuu yoyote ya ziada. Ukiishia kwenye mabega, kisogo kinabaki nje. Wangu ulitoka sentimita 121 kwa upana na 58 kwenda juu, lakini pima lako, usichukue namba zangu.

Ndani ya Escudo fremu unayo tayari, ni ule upinde. Kama gari lako halina upinde, piga fremu ya bomba la plastiki la nyaya za umeme na uifunge kwenye nguzo za maegemeo ya vichwa. Usichomelee nondo. Siku ukipigwa kwa nyuma, kichwa chako kinakwenda huko.

Kushona: kata wavu ukizidisha sentimita 4 kila upande, kunja, shona juu yake mkanda wa begi kuzunguka pande zote kwa uzi wa nailoni, mishono miwili. Wavu mtupu ukitobolewa utachanika, kinachobeba nguvu ni mkanda. Kwenye mkanda piga vijicho vya chuma kila baada ya shubiri moja. Kisha funga kwa mipira ya tyubu, ileile ya kufungia mizigo kwenye baiskeli, si kwa kamba. Kamba inalegea, mpira unaendelea kuvuta. Ukimaliza udonoe wavu kwa kidole: ulie. Usipolia, kaza. Wavu uliolegea ukifika 70 utaanza kupiga na utatamani ungebaki na upepo. Mikanda ya usalama ipite mbele ya wavu, na uijaribu kwa kuivuta ghafla uone kama inashika bila kukwama.

Nilipomaliza haya yote nilitoka barabarani kwa mbwembwe. Risiti ikainuka kwenye 55. Nafuu ya 5 tu! Nilikasirika sana. Nikarudisha vipande vya kaseti, na kile cha kwenye gia kikanionyesha: bado kilikuwa kinaelekea mbele vilevile. Juu nilikuwa nimefunga, lakini chini ya wavu, katikati ya viti viwili, niliacha upenyo wa kupitisha mkono, na vingine viwili kati ya kiti na mlango kila upande. Upepo wa kurudi hauhitaji mlango mkubwa. Ulikuwa umehamia chini wote.

Nikashona sketi. Kipande cha turubai zito, kimeshonewa ukingo wa chini wa wavu, kinashuka nyuma ya viti mpaka sakafuni, kimefungwa kwa velkro kwenye zulia. Kwa pale chini kitu kizito hakina madhara, maana viti vyenyewe tayari ni ukuta. Pembeni nikaweka masikio mawili ya turubai yenye sponji ndani, yanajibana kati ya kiti na mlango. Jioni ileile nikatoka tena. Risiti ilikaa mpaka 75. Kijana akawa anacheka, anaongeza, mimi namwambia apunguze.

Kama ungefanya jambo moja tu kati ya yote niliyoandika, baada ya kupandisha vioo, ziba chini. Hata shuka lililokunjwa vizuri likabanwa katikati ya viti utaliona tofauti yake.

Faida nyingine niliipata bila kuitafuta. Njia ya Kasulu inapanda, na asubuhi huko kuna baridi ambayo mtu wa ziwani hajaizoea. Sasa nikiwasha hita na kuielekeza miguuni, joto linabaki. Zamani lilikuwa linafagiwa kabla halijafika magotini. Mercedes-Benz mwaka 2004 walitoa kiti chenye tundu la kupuliza hewa ya moto shingoni. Sisi tutumie hita ya miguu na sketi.

Waliokaa nyuma

Wavu wa nyuma ya viti vya mbele unawasaidia wa mbele. Wa nyuma wamekaa palepale upepo unaposhukia, na kwao sina dawa ya uhakika isipokuwa mguu wa dereva.

Niliwahi kujaribu ulimi juu ya kioo cha mbele, kipande cha mpira mgumu kilichosimama kwenye fremu, kwa lengo la kuurusha upepo juu zaidi ili uwavuke na wa nyuma. Wazo lenyewe si baya, Mercedes-Benz walianza kuuza kitu cha aina hiyo mwaka 2010 kwa gari la viti vinne, pamoja na wavu nyuma. Wao wana vyumba vya kupimia upepo. Mimi nina barabara ya Mwandiga. Ulimi wangu ulipofika 50 ulianza kulia kama zumari, ng'ombe wa watu wakageuka kuangalia. Niliung'oa.

Nyuma kukiwa hakuna mtu, funika. Nilishona turubai bapa linaloanzia kwenye upinde, usawa wa mabega ya kiti cha nyuma, hadi mlango wa nyuma, limekazwa kwa mipira. Upepo unaoshuka unalikuta turubai, unateleza na kutoka, haupati beseni la kujizungusha. Pia mizigo haionekani, na mifuko ya nailoni hairuki kuwafuata watu wa bodaboda.

Kuna kazi za harusi. Escudo nyeupe iliyofunuliwa inatafutwa Kigoma, na bibi harusi hakai mbele. Masharti yangu ni haya: shela fupi au la kukunjwa mapajani na kukaliwa, pini zisipungue sita, vioo vya mbele juu, na spidi isizidi 30, ambayo kwa msafara wenye matarumbeta ni nyingi hata hivyo. Pikapu ya matarumbeta naiacha mbali kidogo, magari mawili hivi katikati. Si kwa sababu ya kelele. Moshi wake wote unaingia kwenye gari la wazi, na gauni jeupe linausoma.

Usifungue nyuma peke yake

Hili ningeliweka mwanzo, ila nilijua hamtasoma ya mtu anayeanza kwa kutisha.

Turubai la Escudo linafunguka vipande. Unaweza kuacha paa la mbele limefungwa na kuondoa la nyuma tu, na inaonekana ni busara: kivuli juu, hewa nyuma. Nilifanya hivyo safari moja ya Kasulu na familia. Kabla hatujafika mbali Zuhura akasema kichwa kinamuuma, mdogo wake akatapika. Nikadhani kona. Tukasimama, tukanywa maji, wakapona, tukaondoka, kikaanza tena.

Ni kisulisuli kilekile, ila sasa kimekaa nyuma ya mlango wa nyuma, palepale linapotokea bomba la ekzosi. Moshi haubaki barabarani, unavutwa kuingia ndani kupitia tundu la nyuma, pamoja na vumbi. Ndani yake kuna kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoanza kwa kuumiza kichwa na kuleta usingizi, na inaua. Watoto wamekaa nyuma, wanaipata wa kwanza. Kwa hiyo funua lote au funga lote. Ukilazimika kuacha nyuma wazi, fungua matundu ya hewa ya dashibodi na uwashe feni kwa nguvu ili hewa isukumwe kutoka mbele kwenda nyuma, na kabla ya hapo mpe fundi aangalie kama ekzosi haivuji njiani. Kichwa kikianza kuuma, simama, washushe watu wote.

Kosa dogo la jamii hiyo: kufungua tundu moja tu, masikio yakaanza kupigwa bum bum bum mpaka uhisi kizunguzungu. Ukipuliza mdomo wa chupa ya soda si inalia? Gari limekuwa chupa, ila mlio wake ni mzito kiasi kwamba huusikii, unauhisi. Teremsha kioo kingine vidole viwili, utakatika.

Wavu una mipaka yake. Vumbi hauzuii. Kwenye barabara ya udongo, lori likiwa mbele yako, hakuna ufundi, funga turubai. Usiku nauteremsha wavu kwa kufungua mipira ya juu, maana taa za anayekufuata zinatawanyika kwenye matundu kama nyota. Na kelele za upepo unazipunguza kidogo tu, kwa hiyo safari ndefu ya kwenda Tabora nafunga, masikio nayahitaji.

Mipira ya tyubu jua linaipasua. Angalia kila mwezi, ukiona nyufa badilisha, usingoje ikatike. Velkro ya sakafuni isugue kwa mswaki wa zamani, mchanga unaijaza na inaacha kushika.

Vipande vya kaseti vyote nilivitoa isipokuwa kimoja, kile cha kwenye gia. Kikining'inia chini, najua kumetulia. Juzi tukitoka Kidahwe mke wangu ndiye alikiona kwanza, kimeinuka kinaelekea redio. "Baba Zuhura," akasema, "sketi yako imefunguka." Tukasimama. Velkro ya upande wake ilikuwa imeachia.